Jinsi ya Kuandaa Mechi ya Kriketi ya Mwisho wa Wiki katika Nyanda za Juu Kusini

Msimu unaofaa kwa kriketi katika Iringa, Njombe na Mbeya ni kuanzia Juni hadi Oktoba, mvua zikiwa zimekatika na ardhi imeshikamana. Waingereza, ambao ndio walioanzisha mchezo huu, huucheza katika majira yao ya joto. Kwetu Juni na Julai ni miezi ya baridi kali, lakini kriketi inadai ukavu kuliko joto, na ukavu tunao. Mwandaaji aanze kazi wiki nne au tano kabla ya Jumamosi iliyopangwa, kwa sababu sehemu kubwa ya muda huo itamezwa na jambo moja, nalo ni pichi.

Pichi ni ile njia ya katikati ambayo mpira hudunda juu yake kabla ya kumfikia mpigaji. Ikiwa na mashimo au udongo tifutifu, mpira mmoja utaburuzika chini na unaofuata utaruka hadi usoni, na hapo ufundi wa mchezaji hauna nafasi tena. Wengi wetu huazima uwanja wa mpira wa miguu wa shule, hivyo omba ruhusa kwa maandishi kwa mkuu wa shule, ukieleza wazi utachimba wapi. Ni vyema kuomba eneo lililo kati ya viwanja viwili au pembeni penye nafasi, ili udongo mgumu usiwaumize watoto wanaocheza kandanda. Elekeza pichi kaskazini na kusini, mpigaji asije akapigwa na jua la jioni machoni.

Vipimo havibadiliki: mita 20.12 kutoka wiketi hadi wiketi, yaani vile vijiti vitatu vinavyosimamishwa kila mwisho wa pichi, na upana wa mita 3.05. Fyeka nyasi hadi chini, kwangua juu kidogo, kisha tandaza udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa, kwa tabaka nyembamba. Udongo huo una mfinyanzi mwingi na hushikamana sana ukikauka, ndiyo maana hata sakafu za nyumba nyingi vijijini zimetengenezwa kwa huo. Usiuchimbe, hata hivyo, bila kumwomba mwenye shamba. Mwagilia kila tabaka, liache lilale usiku kucha, na lishindilie pale udongo unapokuwa na unyevu lakini haunati tena mkononi. Pipa la lita 200 lililojazwa maji na kuzibwa barabara lina uzito unaozidi kilo 200, na watu wanne wakilivingirisha polepole kwenda na kurudi litafanya kazi nzuri. Ukimaliza, dondosha mpira kutoka usawa wa bega mahali mbalimbali. Panapodunda chini kuliko kwingine, rudia kushindilia. Timu yenye mkeka wa makumbi inaweza kuutandika juu na kuukaza kwa vigingi, na mimi naushauri sana, kwa kuwa mkeka huficha kasoro ndogo za udongo.

Vijiti vitatu vya wiketi huwa na kimo cha sentimita 71.1 juu ya ardhi, na kwa pamoja huchukua upana wa sentimita 22.86. Mbele ya kila wiketi, kwa umbali wa mita 1.22, chora mstari wa mpigaji kwa chokaa.

Kuhusu mpira, usifanye mzaha. Mpira halisi wa ngozi una uzito wa kati ya gramu 156 na 163 na ni mgumu, kwa hiyo usitumike isipokuwa wapigaji wote na mlinda wiketi wana pedi, glavu na kofia ngumu. Timu inayoanza ichezee mpira wa tenisi uliozungushiwa utepe wa mafundi umeme.

Kabla ya kurusha sarafu, manahodha wakubaliane mambo yote mbele ya waamuzi. Kwa siku moja ova 20 kwa kila upande zinatosha, ova moja ikiwa ni mipira sita inayorushwa mfululizo na mrushaji mmoja, na mrushaji mmoja asizidishe ova nne. Wakubaliane pia mipaka, ambayo itawekewa vibendera. Mji wa Iringa uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na Mbeya takriban mita 1,700. Hewa nyepesi ya huku huupeleka mpira mbali zaidi, hivyo mpaka uwe mbali kadiri uwanja unavyoruhusu. Upepo ukiangusha mara kwa mara vile vipande viwili vya mbao vinavyokaa juu ya vijiti, sheria huwaruhusu waamuzi kuviondoa kabisa. Ningependekeza vilevile kuacha sheria ya mguu mbele ya wiketi, ile inayomtoa mpigaji ambaye mguu wake umezuia mpira uliokuwa ukienda kugonga vijiti, pale waamuzi wanapotoka katika timu zinazocheza, maana uamuzi huo ni mgumu na ndio unaovunja urafiki.

Anzeni saa nne asubuhi, umande ukiwa umekauka. Zamu ya kwanza ya kupiga ya ova 20 kwa wachezaji wa ridhaa huchukua kama saa moja na nusu. Kisha pawe na chakula cha mchana, ambacho mama lishe awe amelipiwa mapema, na upande wa pili upige kuanzia saa saba. Wageni wanaotoka Mbeya kuja Iringa husafiri zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako na Mafinga, kwa hiyo wafike Ijumaa na kulala.

Wawekeni makarani wawili, mmoja kutoka kila timu, wakae pamoja na kulinganisha mikimbio, yaani alama zilizopatikana, kila ova inapokwisha. Tofauti ikigunduliwa baada ya mpira wa sita hurekebishwa kwa dakika moja, bali ikigunduliwa mwisho wa mechi hakuna atakayekubali kushindwa.

Mechi ikiisha, ng'oeni vijiti na vigingi, jazeni mashimo kwa udongo mbichi wa kichuguu, shindilieni, na mkague uwanja pamoja na mwalimu wa michezo kabla ya wageni kuondoka.