Faini ya bima iliyokosewa: usilipe kwanza

Umepigwa faini ya kuendesha gari bila bima, na wewe bima uliilipia ila pengine iliandikwa vibaya? Usikimbilie kulipa. Sehemu nyingi kulipa faini ni kukiri kosa, na ukishakiri, kupinga kunakuwa kugumu mno. Angalia tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, uizungushie kalamu.

Kisha weka cheti cha bima na kadi ya gari mezani, ulinganishe namba ya usajili herufi kwa herufi. Mimi huwasaidia madereva kuandika barua za kupinga faini kama hizi, na hukuta herufi O imekaa mahali pa sifuri, au bima imehuishwa kwa namba ya gari lililokwisha kuuzwa. Mtu kalipa kwa nia njema kabisa! Inaniuma kuona anawekwa kapu moja na mkwepaji.

Iombe kampuni ya bima barua inayojibu jambo moja: siku uliyosimamishwa, bima ilikuwa hai au la? Barua ya “tumesharekebisha” haitoshi, maana inazungumzia leo. Ambatisha risiti ya malipo.

Kama kweli bima haikuwepo, “sikujua” pekee mara nyingi haifuti kosa. Hapo omba kupunguziwa adhabu, ueleze nani alikosea na lini. Tuma nakala, hati halisi baki nazo. Na gari lisiingie barabarani mpaka cheti sahihi kiwe mkononi.