Somo: Kufikisha haki za elimu na utamaduni wa jamii yako mbele ya kamati za Umoja wa Mataifa

Mtoto anapokatazwa shuleni kusema lugha ya nyumbani kwao, hilo haliishii kwa mwalimu mkuu. Serikali zimeridhia mikataba, na wapo wataalamu, wajumbe wa kamati za Umoja wa Mataifa, ambao kazi yao ni kuzihoji. Shida ni kwamba jamii nyingi huwapelekea kilio bila kuwapa swali la kuuliza.

Hatua ya 1: Jua nchi imefungwa na nini. Kifungu cha 27 cha Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa (1966) kinalinda utamaduni, dini na lugha za jamii za wachache. Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Haki za Mtoto (1989) kinafanya hivyo kwa watoto, na kinawataja waziwazi watoto wa watu wa asili. Ongeza vifungu vya 13 na 15 vya Mkataba wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni. Azimio la Haki za Watu wa Asili la 2007 si mkataba, ila kifungu chake cha 14, kuhusu jamii kuanzisha na kusimamia elimu yake kwa lugha yake, kinafaa sana kunukuliwa.

Hatua ya 2: Wahi. Hapa ndipo wengi hukwama. Kabla ya kukutana na serikali, kamati huiandikia orodha ya maswali, na serikali hutakiwa kujibu kwa maandishi. Ripoti ya jamii yako ikifika kabla ya orodha hiyo kuandikwa, inaweza kugeuka swali rasmi. Ikifika wiki ya kikao, inawakuta wataalamu wamezama kwenye makaratasi. Fuatilia kalenda ya kila kamati kwenye tovuti ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi. Mwaka 1999 kamati ya haki za kiuchumi, kijamii na kitamaduni iliweka vipimo vinne vya elimu: iwepo, ifikike, ikubalike, na iendane na mahitaji ya wanafunzi. Vitumie. Shule iko umbali gani? Walimu wangapi wanaijua lugha ya watoto? Vitabu vinasemaje kuhusu jamii yenu, na nani aliulizwa kabla havijachapishwa? Kama serikali haina takwimu zinazoitenga jamii yenu na wengine, liandikeni hilo pia, maana kamati huzidai takwimu hizo mara kwa mara.

Msiiache ardhi nje. Katika maoni yake ya jumla (ufafanuzi wa kamati kuhusu maana ya kifungu) namba 23 ya mwaka 1994, Kamati ya Haki za Binadamu, inayosimamia Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ilieleza kuwa utamaduni unaweza kuwa namna ya maisha inayotegemea ardhi, kama uvuvi na uwindaji.

Hatua ya 4: Andika kwa ufupi. Kila hoja iwe na tukio, kifungu, swali, na pendekezo linaloweza kupimwa. "Serikali iheshimu utamaduni" halipimiki. "Serikali iajiri walimu wanaojua lugha hii katika madarasa ya awali" linapimika.

Hatua ya 5: Baada ya kikao. Tafsirini mapendekezo ya kamati, yafike kwa wazazi, walimu na wabunge. Pendekezo lisilojulikana nyumbani hakuna atakayelidai.

Maswali ya wanachama

*Serikali yetu inasema hapa hakuna jamii za wachache. Tumekwisha?*
Hapana. Maoni hayohayo ya 1994 yanasema kuwepo kwa jamii ya wachache hakutegemei uamuzi wa serikali. Huthibitishwa kwa vigezo vinavyoonekana. Anzeni ripoti yenu hapo.

*Tunaweza kuandika kwa Kiswahili?*
Kiswahili hakimo kati ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa. Andikeni kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania, lakini nakala ya Kiswahili isomwe na jamii kwanza ili waliyoyasema yasipotoshwe.

*Tukiogopa kulipiziwa kisasi?*
Ripoti kwa kawaida huwekwa wazi mtandaoni. Ombeni kwa maandishi, kabla ya kutuma, iwe ya siri, na msiweke majina ya watoto kwa hali yoyote.

*Lazima twende mahakamani kwanza?*
Kwa ripoti, hapana. Kwa malalamiko ya mtu binafsi, ndiyo: kwa kawaida njia za ndani ya nchi ziwe zimemalizika, na nchi iwe imekubali kamati ipokee malalamiko ya aina hiyo.