SOMO: Slaidi bila PowerPoint, kuanzia kutengeneza mpaka kutuma

Wakuu, nimechoka. Haipiti wiki bila meseji ya "kompyuta yangu haina PowerPoint na kesho napresenti, nafanyaje". Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtupia linki hii.

1. Chagua programu. Intaneti yako inasuasua? Weka LibreOffice, ndani yake kuna Impress, ni bure na inafungua PPTX (faili la PowerPoint). Mko kikundi? Google Slides, mnaandika wote kwenye faili moja. Wapenda mapambo nendeni Canva, ila ukiona alama ya taji kwenye templeti ujue hiyo ni ya kulipia.

2. Weka ukubwa wa slaidi kabla ya kuandika, 16:9 (pana) au 4:3 (karibu na mraba).

3. Andika. Maneno machache, herufi kubwa.

4. Kusevu. Hapa ndo niliaibika. Nilishusha fonti moja nzuri, nikatengeneza slaidi zangu kwenye Impress, nikasevu PPTX peke yake nikatia kwenye fleshi, kufika ukumbini mashine ya pale haina ile fonti, ikaweka ya kwake ambayo ni pana zaidi, basi maneno ya mwisho ya kila mstari yakashuka chini, jedwali likatoka nje ya slaidi na kichwa cha habari kikapanda juu ya picha, mimi nimesimama pale naomba radhi. Kumbe faili kwa kawaida linabeba JINA la fonti, fonti yenyewe inabaki kwako. Kwa hiyo sevu ODP (faili la Impress lenyewe) ya kwako ya kuhariri, kisha toa PDF ya kuonyesha, maana PDF inabeba fonti zake. Lazima iwe PPTX? Kama LibreOffice yako ni toleo jipya, nenda kwenye sifa za faili, upande wa fonti, weka tiki ya kupachika fonti ndani, ila matoleo ya zamani hayapachiki kwenye PPTX, kwa hiyo lijaribu kwenye mashine nyingine kwanza. Au tumia fonti ya Carlito, upana wa herufi zake umelinganishwa na Calibri, fonti ya Microsoft, hata zikibadilishana mistari haihami.
ONYO: PDF inaua animesheni na video. Nimesema.

5. Kutuma linki. Google Slides mwanzoni inafunguka kwako tu, ibadilishe mwenye linki atazame, USIMPE kuhariri. Ijaribu kwenye dirisha la siri la brauza kabla hujaituma.

MASWALI

– Mkuu mbona PDF yangu animesheni hazichezi?
– Hatua ya 4, mstari wa mwisho.

– Mimi sijaona hilo tatizo la fonti, kwangu inafunguka vizuri tu. Unatisha watu.
– Kwako itafunguka vizuri, fonti si iko kwako? Peleka kwenye mashine nyingine halafu urudi hapa.

– Samahani kaka, faili langu lina megabaiti 80 na imeili inalikataa. Nimezikata picha zote zikawa ndogo lakini uzito haupungui, kwa nini?
– Swali zuri sana dada. Ukikata picha ndani ya slaidi, kile kipande ulichokificha bado kimo ndani ya faili, na mtu mwingine anaweza kukirudisha akakiona, kwa hiyo kama umekata jina au sura ya mtu kuwa makini. Impress kwenye menyu ya zana ina kifaa cha kupunguza ukubwa wa prezentesheni, kinafuta vipande vilivyokatwa na kushusha ubora wa picha. Fanya kwenye nakala, usiguse faili mama. Gmail mwisho ni megabaiti 25, ikizidi hapo tuma linki.

– Sisi waandika kodi (code) za kompyuta umetusahau.
– Sijawasahau. Kuna Marp, programu ya kugeuza maandishi kuwa slaidi: unaandika Markdown (maandishi yenye alama rahisi za vichwa na orodha), vistari vitatu (---) vinaanza slaidi mpya, unatoa PDF au HTML. Wenye hesabu nyingi watumie Beamer, sehemu ya slaidi ya LaTeX (mfumo wa kupanga maandishi kwa amri). Raha yake ni kwamba ni maandishi matupu, ukibadili mstari mmoja Git (programu ya kutunza historia ya mabadiliko) inakuonyesha ni upi.

– Nyongeza: linki ya Google Slides, pale penye "edit" futa mpaka mwisho uandike "copy", anayefungua anaulizwa kama anataka nakala yake. Naitumia kugawa templeti.
– Hii nilikuwa siijui, asante mkuu.

– Na ukiwa unaonyesha bonyeza B, skrini inakuwa nyeusi, watu wanakuangalia wewe.
– Nimebonyeza B projekta imezima, nifanyeje?? Watu wananisubiri
– Bonyeza B tena.