Somo: Kujifunza majina ya mifupa ya mhimili kwa mgongo wa mbuzi

Mtoto wa darasa la pili anajua pingili ni nini, maana amekula muwa. Atakuonyesha kipande kilicho kati ya fundo na fundo bila kufikiri. Akifika kidato cha kwanza hapa Tanzania, somo la baiolojia linahamia Kiingereza, na uti wa mgongo alioupapasa maisha yake yote unageuka orodha ya kukariri usiku wa kuamkia mtihani. Inaniuma kila mwaka. Kwa hiyo mimi naanzia mfupani. Jina linakuja baada ya mkono kushika.

Kwanza tuelewane tunasoma mifupa ipi. Mhimili wa mwili ni fuvu, mfupa wa ulimi, uti wa mgongo (kila mfupa wake nao huitwa pingili), mbavu na kidari. Mabega, mikono, nyonga na miguu ni viungo vilivyopachikwa kwenye mhimili huo. Mtulinga, mfupa unaotoka begani hadi kidari, nao ni wa viungo, ingawa umegusana na kidari, na wengi hukosea hapo. Mtu mzima ana mifupa 206, na 80 kati yake ni ya mhimili, ukihesabu na vile vifupa 6 vidogo vya ndani ya masikio.

Hatua ya 1: Pata mgongo mzima

Mgongo wa buchani haufai, kwa sababu shoka limeshapasua pingili katikati. Subiri siku mbuzi anachinjwa nyumbani, Idi au Krismasi, umwombe mchinjaji atenganishe kwenye maungio kwa kisu. Usiokote kamwe mzoga wa mnyama aliyejifia porini au zizini. Kimeta humpata mtu kwa njia hiyo hiyo, na vijidudu vyake hudumu miaka mingi.

Hatua ya 2: Hesabu kabla ya kuchemsha

Hii ndiyo hatua inayorukwa, halafu watu wanabaki na sufuria ya mifupa wasiyojua ipi ilitangulia. Nyama ikiwa bado imeshika, tafuta ubavu wa kwanza. Pingili zote zilizo mbele yake ni za shingo, nazo ni 7. Zenye mbavu ni za kifua, na kwa mbuzi ni 13. Zinazofuata ni za kiuno, kwa kawaida 6, mara nyingine 7. Baada yake kuna mfupa mmoja mpana uliobanwa na nyonga mbili: hizo ni pingili 5 zilizoungana, ndiyo sakramu. Kisha mkia.

Tenganisha makundi hayo kwa kisu kidogo ukipitisha kwenye gegedu laini iliyo kati ya pingili na pingili. Kila kundi litie kwenye soksi yake kuukuu, ulifunge.

Hatua ya 3: Chemsha polepole

Moto mdogo, maji yasitokote kwa nguvu, saa kadhaa mpaka nyama iachie. Sugua kwa mswaki. Ukitaka weupe, loweka kwenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo usiitumie, inakula mfupa hadi unakuwa kama chaki.

Mbuzi akiwa mchanga utaona visahani vyembamba vinabanduka mbele na nyuma ya pingili. Hujaharibu kitu. Mfupa ulikuwa bado unakua kwenye ncha hizo.

Hatua ya 4: Soma pingili moja vizuri

Chukua moja ya kifua, uigeuze polepole. Sehemu nene ya chini ni gogo, ndilo linalobeba uzito. Juu ya gogo kuna tao, na kati ya gogo na tao kuna tundu. Matundu yakipangwa yanakuwa mfereji, na ndani ya mfereji unapita ugwe wa mgongo, ule uzi mweupe laini ulioutoa wakati wa kusafisha. Kutoka kwenye tao unachomoza mwiba kwenda juu, na mabawa mawili kwenda kando.

Sasa tazama ubavuni mwa gogo: kuna vikombe vidogo, kama vimebonyezwa kwa ncha ya kidole. Kichwa cha ubavu hukaa hapo, nacho kwa kawaida hugusa pingili mbili kwa pamoja, nusu kikombe huku na nusu kule. Ukiviona vikombe hivyo, kwa kawaida umeshika pingili ya kifua.

Hatua ya 5: Panga

Ya kwanza shingoni inaitwa atlasi, jina la yule wa hadithi za Wayunani aliyebeba mbingu. Haina gogo wala mwiba mrefu, ni pete yenye mabawa mapana. Mbele ina vikombe viwili vinavyopokea vinundu viwili vya nyuma ya fuvu. Kichwa kikiitikia "ndiyo", kinacheza hapo. Ya pili ni aksisi, yenye jino linaloingia ndani ya pete ya atlasi. Kichwa kikikataa "hapana", atlasi inazunguka juu ya jino hilo. Ziunganishe mkononi ujaribu. Sijaona mwanafunzi aliyefanya hivyo akazisahau.

Tano za shingo zinazobaki zina gogo lililobenuka mbele na kubonyea nyuma, basi hutakosea upande. Za kifua zina miiba mirefu, na ya zile za mwanzo inalala kuelekea nyuma. Za kiuno hazina vikombe vya mbavu, ila mabawa yake ni marefu na bapa. Mbavu za mbuzi ni jozi 13: jozi 8 za mbele zinafika kwenye kidari kwa gegedu zake zenyewe, 5 za nyuma hazikifikii moja kwa moja.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo mwalimu. Twiga naye ana pingili 7 za shingo, au umemaanisha mbuzi tu?*

Marahaba. Twiga ana 7 pia, ila kila moja ni ndefu mno. Popo ana 7, nguva wa pwani yetu ana 7, wewe na mimi 7. Wanyonyeshao wachache sana huikiuka hesabu hiyo.

*Mwalimu, nimejaribu kwa kuku, mgongo haukubali kuachana. Nimekosea wapi?*

Hujakosea, dada. Ndege ameunganisha pingili nyingi za mgongo ili kiwiliwili kiwe kigumu wakati wa kuruka. Shingo ndiyo imebaki huru, kwa kawaida pingili 14. Kidari chake nacho kina ukingo uliosimama kama mkuku wa jahazi, ndipo misuli ya mabawa inaposhika. Kwa broila ncha yake bado ni gegedu, unaitafuna.

*Babu yangu anasema mwanamume ana ubavu mmoja pungufu. Nimjibu nini bila kumkosea adabu?*

Mwombe mhesabu pamoja. Mwanamume ana jozi 12 na mwanamke jozi 12. Wapo wachache wanaozaliwa na ubavu wa ziada, wanaume kwa wanawake. Hesabu hiyo haigusi imani yake kuhusu ubavu wa Adamu. Hata aliyekatwa kidole huzaa watoto wenye vidole vyote.

*Homa ya uti wa mgongo inashambulia pingili ipi? Mdogo wangu alitakiwa achomwe sindano ya mgongo hospitali, mama akakataa akihofia atapooza.*

Pole sana, ndugu yangu. Jina la ugonjwa huo linapotosha. Hauhusu pingili, ni uvimbe wa utando unaofunika ubongo na ugwe wa mgongo, na unaua haraka usipotibiwa. Sindano hiyo huchota maji yanayozunguka ugwe ili wajue kijidudu gani kimeingia.

Kuhusu kupooza, mweleze mama hivi. Ugwe haufiki mwisho wa uti. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, na chini yake zimebaki nyuzi za neva zinazoelea majini. Daktari anachoma chini ya hapo, kati ya ya tatu na ya nne, au ya nne na ya tano. Kwa mtoto mchanga ugwe unashuka chini kidogo zaidi, na kwake nafasi za chini ndizo hutumika. Mwambie mama ashike kiuno, aguse ukingo wa juu wa nyonga zote mbili, kisha apeleke vidole gumba mgongoni usawa huo huo mpaka vikutane. Hapo ndipo ilipo pingili ya nne.