Ukichangisha hela ya sikoseli, andika bei kwenye boksi
Wanafunzi wenzangu wa Kigoma, hii tumeijua juzi tukichangia watoto wenye sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Msiandike "changia chochote", andikeni kitu kimoja na bei yake, mfano pakti moja ya vidonge vya foliki asidi vya kusaidia mwili kutengeneza damu, bei mmeiuliza duka la dawa asubuhi ile ile. Mtu mwenye mia tano akiona hela yake inaenda wapi haoni aibu kutoa kidogo, halafu lazima aulize vidonge vya nini, na hapo ndo mnamwambia huu ugonjwa unarithiwa kwa baba na mama wote wawili, sio kulogwa jamani, na kama wote wamebeba kinasaba cha ugonjwa bila kuumwa basi kila mimba kuna nafasi 1 kati ya 4 mtoto kuupata, kwa hiyo wapime kabla ya kuoana. Stendi haifanyi kazi, watu wana haraka. Kibirizi, kule mwaloni kwa wavuvi, nendeni asubuhi mitumbwi ikishaingia, ila siku za mbalamwezi acheni kabisa, dagaa hawafuati taa za wavuvi, wanakuwa wachache na mtu hana hata hela ya kula kwake.