Bustani ya Mboga na Nyuki Nyumbani Wakati wa Kiangazi

Katika maeneo makavu ya katikati mwa Tanzania, kama vile Dodoma na Singida, mvua zikishakatika mwezi wa Aprili au Mei, mboga za nyumbani hutegemea maji ya ndoo hadi karibu Desemba. Huo ndio msimu ambao mfugaji wa nyuki mwenye bustani hufaidika zaidi, kwa kuwa maua ya porini hupungua na nyuki hufuata palipo na maji na maua.

Wakati huo usipandishe matuta. Chimba vitalu vilivyozama sentimita 15 hadi 20, uchanganye udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha utandaze nyasi kavu baina ya miche ili jua lisikaushe ardhi. Mwagilia jioni, maji yafike kwenye mizizi. Kunyunyizia juu juu kila mara hufanya mizizi ibaki karibu na uso wa ardhi, na mche hunyauka siku ya kwanza utakapokosa maji.

Mchicha na sukuma wiki huvunwa majani, hivyo havimtegemei nyuki. Matango, maboga na matikiti ni habari nyingine kabisa, kwani ua dume na ua jike hutoka kila moja peke yake katika mmea uleule, na nyuki ndiye hubeba chavua kutoka ua dume hadi ua jike. Chunguza asubuhi na mapema: ua jike lina kitunda kidogo chini ya petali, ilhali ua dume limesimama juu ya kikonyo kitupu. Maua hayo hufunguka kwa saa chache tu, na chavua isipofika ya kutosha, kitunda hugeuka manjano na kudondoka, au tango hukua likiwa limenyongeka upande mmoja. Wengi hudhani ni upungufu wa mbolea na kuongeza samadi bure.

Kwa kiwanja kidogo chenye watoto na majirani wa karibu, ninashauri kwa dhati nyuki wadogo wasiouma. Sanduku dogo la mbao nene lililowekwa kivulini chini ya upenu linawatosha, na asali yao, ambayo huihifadhi katika vifuko vya nta badala ya masega, hunyonywa kwa bomba safi la sindano bila kuharibu kiota. Asali hiyo ni kidogo, lakini huuzwa kwa bei nzuri.

Nyuki wakubwa wanaouma wanahitaji eneo pana, mbali na nyumba, njia na mifugo. Mbuzi au ng'ombe aliyefungwa kamba hawezi kukimbia nyuki wakichokozeka, na anaweza kufa pale pale. Mzinga wa viunzi vya juu, yaani vijiti vya mbao ambavyo nyuki hujenga masega chini yake, uwe na viunzi vyenye upana wa milimita 32, vipakwe nta ili kuvutia kundi, na uning'inizwe kwa waya uliopakwa grisi ili siafu wasipande na nyegere asiufikie kwa urahisi. Ukague jioni, ukiwa na moshi na mavazi kamili ya kinga.

Jambo linalosahaulika zaidi ni maji. Weka karai pana kivulini, ulijaze mawe yanayochomoza juu ya maji ili nyuki wapate pa kutua bila kuzama, na usiliache likauke, kwa sababu wakishazoea bomba la jirani ni vigumu kuwarudisha.

Wadudu waharibifu kama vidukari waondolewe kwanza kwa mkono au kwa maji ya sabuni kidogo. Ikibidi kutumia kiuatilifu, hata kile cha mwarobaini, nyunyiza baada ya jua kuzama nyuki wakiwa wamerudi, wala usiguse maua yaliyofunguka. Dawa za unga ni hatari zaidi, kwani nyuki huzibeba pamoja na chavua hadi kwa majana, yaani watoto wa nyuki.

Unapovuna asali ya nyuki wakubwa, chukua masega yaliyofunikwa nta tu, uache yenye majana na akiba ya asali itakayowavusha hadi miti itakapochanua tena.