Kutengana na talaka: namna ya kufanya ukiwa Mbeya

Jamani hapa Mwanjelwa mtu akirudi kwao na begi utasikia "ameshapewa talaka", hapana. Talaka ni neno la Kiarabu, asili yake kuachia, kufungua kitu kilichofungwa, yaani ndoa imeisha kabisa, lakini kutengana ni Kibantu chetu na ndoa bado ipo, kwa hiyo usikimbilie kuoa kanisani tena eti mshatengana! Sasa kama unataka talaka, anzia baraza la usuluhishi wa ndoa, la kata au la dini, wakishindwa kuwapatanisha wanakupa hati ndo unaenda nayo mahakama ya mwanzo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Ndoa haijafika miaka 2? Hapo mpaka mahakama ikuruhusu.